Kuchanga bila Kugawana: Zana za Watumiaji katika Mfumo wa Mafaili wa AFS

1. Utangulizi

Katika Kiswahili kitenzi "kugawana" kina maana iliyo wazi. Watu wakigawana bukari, kila mmoja hupata kipande chake, na sahani hubaki tupu. Kadiri walaji wanavyoongezeka ndivyo kipande cha kila mmoja kinavyopungua. Kitenzi cha Kifaransa "partager", ambacho wengi wetu tulikizoea tangu shuleni, hubeba maana mbili kwa pamoja: kukata kitu vipande, na kuwa na kitu kimoja pamoja na wengine. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo mawili. Kwa maana ya pili tunalazimika kusema "kutumia pamoja", "kushirikiana" au, pale ambapo kila mtu analeta chake, "kuchanga".

Tofauti hiyo inatufaa sana tunapotaka kueleza jambo ambalo wataalamu wa kompyuta wamelifanya kwa zaidi ya miaka thelathini: kuweka mahali pamoja zana ndogo ndogo za programu zilizotungwa na watumiaji wenyewe, ili mtumiaji yeyote aweze kuziendesha. Programu haigawanyiki kama bukari. Ikitumiwa na mtu mmoja au na watu elfu, ile ya kwanza hubaki kamili. Wala jambo hili si sawa na likelemba, ambamo kila mwanachama hutoa fedha leo kwa kuwa anajua zamu yake itafika. Mwenye kuchanga zana hapungukiwi na kitu, na huenda asirudishiwe kitu.

Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba kitu kisichopungua hakiwezi kupotea. Makala hii inakusudia kueleza jinsi michango hiyo ilivyowekwa na kutumiwa katika mfumo mmoja wa mafaili unaosambaa juu ya mtandao, yaani mfumo wa AFS, na kuonyesha kwamba uhai wa ghala la namna hiyo hautegemei ukarimu wa wachangaji peke yake. Unategemea mambo matatu: ruhusa, uaminifu na utunzaji. La tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi, na ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaokusanya maneno, masimulizi na rekodi za lugha.

2. Asili ya mfumo wa AFS

Mwaka 1982 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichoko Pittsburgh nchini Marekani, kilipatana na kampuni ya IBM kuanzisha mradi wa pamoja wa kompyuta. Mradi huo uliitwa Andrew, kwa heshima ya Andrew Carnegie na Andrew Mellon, matajiri wawili ambao majina yao yamo katika jina la chuo. Lengo lilikuwa kubwa kwa wakati ule: kila mwanafunzi na kila mwalimu awe na kompyuta mbele yake, lakini mafaili yake yasifungwe ndani ya kompyuta moja. Aketipo popote chuoni, ayakute vilevile alivyoyaacha.

Watafiti wa mradi huo, miongoni mwao Mahadev Satyanarayanan na John Howard, walieleza mwaka 1988 kwamba walikuwa wakitengeneza mfumo wa kuhudumia kompyuta zisizopungua 5000. Ukubwa huo ndio uliolazimisha maamuzi yao yote. Mfumo unaofaa kwa kompyuta ishirini unaweza kuanguka mara tu zinapofika mia mbili, kwa sababu kila kompyuta huisumbua seva kwa maswali yasiyokwisha.

Mwaka 1989 baadhi ya wataalamu wa mradi waliunda kampuni iliyoitwa Transarc, nayo ikauza AFS kwa vyuo vikuu, taasisi za utafiti na makampuni. IBM iliinunua Transarc mwaka 1994. Mwaka 2000 IBM ilitoa maandishi asilia ya programu ya AFS kwa umma, na kutoka hapo ukazaliwa mradi wa OpenAFS unaoendeshwa na jumuiya ya watumiaji hadi leo. Tutarudia historia hii katika sehemu ya 7, kwa sababu ndiyo iliyoamua hatima ya ghala la michango.

3. Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Kabla ya kuzungumzia zana zenyewe, inafaa kueleza sifa tatu za mfumo huu. Kwa wasomaji wasioyazoea mambo haya, tuseme kwamba "faili" ni maandishi au programu yoyote iliyohifadhiwa chini ya jina moja, na "saraka" ni kama kabati ambamo mafaili hupangwa. Ndani ya saraka moja zaweza kuwamo saraka nyingine.

3.1 Jina moja kwa wote

Katika mifumo mingi ya kawaida, mahali pa faili hutegemea kompyuta inayotumika. Katika AFS kila kitu huanza na saraka moja kuu iitwayo /afs. Chini yake hufuata majina ya "seli". Seli ni eneo la utawala, yaani taasisi moja na seva zake, watumiaji wake na msimamizi wake. Kwa mfano, andrew.cmu.edu ilikuwa seli ya Carnegie Mellon, athena.mit.edu ya chuo cha MIT, ir.stanford.edu ya Chuo Kikuu cha Stanford, na cern.ch ya kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kilicho karibu na Geneva. Njia ile ile iliyoandikwa kwa herufi zile zile humfikisha msomaji wa Stockholm na yule wa California kwenye faili moja. Mtu hahitaji kujua seva ipi imelihifadhi.

Ndani ya seli mafaili hukusanywa katika mafungu yaitwayo "volumu". Msimamizi aweza kuihamisha volumu kutoka seva moja hadi nyingine wakati watu wanaendelea kuitumia, wala njia haibadiliki.

3.2 Akiba na ahadi

Mtumiaji anapofungua faili, kompyuta yake huchukua nakala na kuiweka katika diski yake yenyewe kama akiba. Akilifungua tena, nakala hiyo hutumika bila kuisumbua seva. Lakini je, ikiwa mtu mwingine amelibadilisha faili hilo? Hapa ndipo penye ubunifu wa AFS. Seva inapotoa nakala, hutoa pia ahadi: "Faili hili likibadilika, nitakujulisha." Kwa hiyo kompyuta ya mtumiaji haina haja ya kuuliza kila mara, hukaa kimya mpaka iitwe. Kwa ajili ya ahadi hiyo seva moja iliweza kuhudumia kompyuta nyingi kuliko ilivyowezekana awali.

Manufaa yake kwa ghala la zana ni dhahiri. Programu ndogo inayotumiwa kila siku huletwa mara moja kutoka mbali, kisha huendeshwa kana kwamba imo ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Mwandishi wake akiirekebisha, kila mtumiaji hupata toleo jipya bila kuletewa diski wala kutumiwa barua.

3.3 Ruhusa

Kila saraka katika AFS ina orodha inayosema nani ana ruhusa gani. Ruhusa zenyewe ni saba: kusoma, kuangalia orodha ya vilivyomo, kuingiza faili jipya, kufuta, kuandika juu ya faili lililopo, kulifunga faili kwa muda ili wengine wasiingilie, na kusimamia orodha yenyewe. Ruhusa hizo hutolewa kwa mtu mmoja mmoja au kwa kundi. Tena mtumiaji wa kawaida aweza kuunda kundi lake mwenyewe na kulipa ruhusa juu ya saraka zake, bila kumwomba msimamizi. Lipo pia kundi la pekee linalomaanisha "mtu yeyote", pamoja na wageni wasiojulikana kutoka seli nyingine.

Ili mfumo ujue kwamba mtu ndiye asemaye kuwa ndiye, humtaka athibitishe jina lake kwa nenosiri kwa njia ya Kerberos, mfumo wa utambulisho uliotungwa MIT. Akikubaliwa hupewa "tokeni", yaani hati ya kielektroniki inayoonyesha haki zake. Tokeni hudumu kwa saa kadhaa tu, mara nyingi siku moja hivi, kisha hufa. Sheria hiyo ndogo ndiyo iliyosababisha sehemu kubwa ya michango tutakayoitaja.

4. Kwa nini watumiaji walitunga zana

Mtengenezaji wa mfumo huona mahitaji ya jumla. Mtumiaji huona mahali panapombana. Palipo na pengo kati ya hayo mawili, mtumiaji mwenye ujuzi huandika programu fupi ya kujisaidia. Mifano ifuatayo inatosha kuonyesha aina za mapengo hayo.

(a) Kubadili ruhusa za saraka nyingi. Saraka mpya inapoundwa ndani ya nyingine, hurithi nakala ya orodha ya ruhusa ya mama yake. Baada ya hapo kila moja huishi peke yake: mama akibadilishwa, watoto hawabadiliki. Mhadhiri mwenye saraka mia mbili anayetaka kumruhusu msaidizi mmoja kuzisoma zote hulazimika kurudia agizo lile lile mara mia mbili. Si ajabu kwamba programu fupi za kutembea kutoka saraka hadi saraka na kuzibadilisha zote ziliandikwa upya mahali pengi, na watu wasiojua kwamba wenzao walikuwa wamekwisha kuziandika.

(b) Kazi ndefu. Mtafiti akianzisha hesabu inayochukua siku nne, tokeni yake itakufa kabla ya kazi kwisha, na matokeo hayataweza kuandikwa. Palihitajika programu ya kukaa kando na kuihuisha tokeni kila inapokaribia kufa. Mojawapo ya zana za namna hiyo ni k5start, ambayo ilitunzwa Chuo Kikuu cha Stanford na kutolewa bure kwa wote.

(c) Kufunga kioo. Mtu anayetoka ofisini kwa muda hufunga kioo cha kompyuta yake na kukifungua kwa nenosiri anaporudi. Watumiaji waliona kwamba, kwa kuwa nenosiri linaandikwa hata hivyo, zana hiyo hiyo ingeweza kuihuisha tokeni wakati huo huo. Wakairekebisha ifanye yote mawili.

(d) Kusawazisha mizigo. Seva moja hujaa wakati nyingine ina nafasi. Wasimamizi waliandika programu za kukagua volumu na kupendekeza ipi ihamishiwe wapi.

(e) Daraja la kuelekea lugha nyingine za programu. Ili maagizo ya AFS yaweze kutumiwa kutoka ndani ya programu za lugha ya Perl, iliyopendwa sana na wasimamizi wa miaka ya 1990, iliandikwa sehemu ya kuunganisha viwili hivyo. Juu ya daraja hilo wengine wakajenga zana zao.

Ni muhimu kutambua kwamba hakuna aliyeamrishwa kufanya kazi hizo. Haikuwa salongo. Kila mmoja alitatua shida yake kwanza, kisha akaona kwamba kuwasaidia wengine hakungemgharimu zaidi ya kulinakili faili na kuandika maelezo yake.

5. Jinsi ghala linavyopangwa

Transarc ilitenga katika seli yake, chini ya /afs/transarc.com/public, saraka iliyoitwa afs-contrib, kwa ajili ya zana zilizochangwa na watumiaji. Ghala la zana za AFS lilikuwa ndani ya AFS yenyewe. Mtu aliyeunganishwa na mfumo hakuhitaji kwenda popote pengine; aliandika njia, akaona vilivyomo, akasoma maelezo na kuchukua alichotaka.

Ghala la aina hii huweza kupangwa vizuri kwa kutumia mambo matatu yaliyomo katika mfumo.

Kwanza, sanduku la michango. Saraka moja huwekewa ruhusa ya kuangalia na kuingiza tu. Mchangaji aweza kudondosha faili lake humo, kama mtu atiavyo barua katika sanduku la posta, lakini hawezi kufuta wala kubadilisha ya mwenzake. Mtunzaji peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kulifungua.

Pili, rafu ya kusomwa. Mtunzaji akisharidhika na mchango, huuhamishia katika volumu nyingine. Volumu hiyo huandikwa mahali pamoja tu. Kisha, kwa agizo moja, nakala zake za kusomwa tu husambazwa katika seva kadhaa. Seva moja ikianguka, msomaji huhudumiwa na nyingine bila kujua. Tena, mtunzaji aweza kusahihisha kwa utulivu nakala ya kuandikwa, na wasomaji wasione kazi ambayo haijakamilika mpaka atakapoamua kuitoa.

Tatu, jina linalobadilika. Programu iliyotafsiriwa kwa lugha ya mashine ya aina moja haiendeshwi na mashine ya aina nyingine, na vyuo vilikuwa na kompyuta za aina nyingi. AFS hutatua jambo hili kwa neno la pekee, @sys, linaloandikwa ndani ya njia. Kila kompyuta inapolikuta hulibadilisha kwa jina la aina yake yenyewe. Kwa hiyo watu wawili wenye mashine tofauti huandika njia ile ile, na kila mmoja hufikishwa kwenye toleo linalomfaa.

6. Tatizo la uaminifu

Hadi hapa mambo yanaonekana mepesi. Lakini kuendesha programu si sawa na kusoma kitabu. Kitabu kibaya hupoteza muda wa msomaji. Programu mbaya hutenda kwa jina lake. Mtu anapoendesha zana iliyochangwa, zana hiyo hutembea na tokeni yake. Popote ambapo yeye anaruhusiwa kusoma, nayo inaruhusiwa; popote anaporuhusiwa kufuta, nayo inaruhusiwa. Orodha ya ruhusa haiwezi kutofautisha kati ya mkono wa mtu na mkono wa programu aliyoikaribisha.

Si lazima mwandishi awe na nia mbaya. Tuirudie zana ya (a) hapo juu. Katika AFS volumu moja huunganishwa na nyingine kwa kitu kama mlango, na mlango huo huonekana mbele ya mtumiaji kama saraka ya kawaida. Programu inayotembea kutoka saraka hadi saraka bila kuutambua mlango itaupita na kuingia katika volumu nyingine, labda ya mradi wa pamoja, na kubadili ruhusa huko pia kama mwenye kuiendesha ana haki. Mwandishi aliyeitunga katika chuo ambacho volumu hazikupangwa hivyo asingeiona hatari hiyo. Na ikiwa ruhusa iliyosambazwa ni ya "mtu yeyote", barua na daftari la matokeo ya wanafunzi vitakuwa vimefunguliwa kwa ulimwengu wote, wala hakuna kengele itakayolia.

Watengenezaji wa AFS walikuwa wameona upande mmoja wa hatari hii. Katika mifumo ya Unix zipo programu ambazo, zikiendeshwa, hupata mamlaka ya mwenye nazo badala ya mamlaka ya anayeziendesha. Kwa kawaida yake ya awali, AFS ilikubali jambo hilo kwa programu za seli ya nyumbani tu, na ililikataa kwa programu za seli za kigeni, mpaka msimamizi wa kompyuta aruhusu waziwazi. Mgeni anakaribishwa, lakini hapewi funguo za nyumba.

Upande uliobaki hauna dawa ya mashine. Dawa yake ni desturi. Ghala linaloaminika hudai kwamba pamoja na kila zana yawepo maandishi asilia yanayoweza kusomwa na binadamu, wala si tafsiri ya mashine peke yake. Kwamba pawepo maelezo yanayotaja mwandishi, tarehe, toleo, na aina za mashine zilizojaribiwa. Na kwamba kasoro zinazojulikana zitajwe. Desturi hizi zinafanana na zile za mhakiki wa maandiko anayetaka kujua muswada umetoka wapi, nani aliunakili, na palikosewa wapi.

7. Ghala linapokosa mtunzaji

Tumesema kwamba njia katika AFS haimwambii mtu faili limehifadhiwa katika seva ipi. Hata hivyo njia hiyo hutaja jina la seli, na seli ni taasisi. Taasisi ikifa au ikibadilika, jina hufa nayo. Hilo ndilo lililotokea. Transarc ilimezwa na IBM, na baadaye IBM yenyewe ikaacha kuiuza AFS. Njia iliyoanza na /afs/transarc.com, ambayo watu waliiandika katika maelezo yao, katika miongozo ya vyuo vyao na hata ndani ya programu zao, haikuwa tena anwani ya kutegemewa.

Hapo ndipo makosa ya matumizi yalipoweza kuonekana. Mtu aliyeinakili zana katika seli yake pamoja na maandishi asilia hakupata shida. Mtu aliyezoea kuiendesha moja kwa moja kutoka mbali aliamka siku moja akakuta mlango umefungwa. Na kulikuwa na mtego wa ndani zaidi: programu fupi ya maagizo hutaja katika mstari wake wa kwanza mahali alipo mkalimani wa lugha yake. Ikiwa mkalimani huyo yumo katika seli ya mbali, programu nzima hufa pamoja na seli hiyo, ingawa faili lake lenyewe li salama nyumbani.

Vilivyonusurika vilinusurika kwa sababu watu walivibeba. Uamuzi wa IBM wa kutoa maandishi asilia mwaka 2000 uliwawezesha watumiaji kuwa watunzaji. Nchini Sweden, katika chuo cha ufundi cha KTH cha Stockholm, wengine walikuwa wamekwisha kuandika programu huru ya mtumiaji wa AFS iitwayo Arla. Seli ya grand.central.org ikachukua kazi ya kutunza orodha ya umma ya seli na seva zao, kazi isiyo na sifa nyingi lakini ambayo bila hiyo seli hazipatani. Taasisi nyingine zilichagua njia tofauti: CERN, iliyoitumia AFS kwa miaka mingi, ilianza katika miaka ya 2010 kuyahamishia mafaili yake katika mfumo mwingine. Hata kuhama huko kulihitaji mtu anayejua kila faili ni la nani na kwa nini lipo.

8. Funzo kwa wataalamu wa lugha

Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu aweza kuuliza: mfumo unaotaka mtandao usiokatika unatuhusu nini sisi ambao umeme wetu hukatika? Swali ni la haki, na lilikwisha kuulizwa Pittsburgh kwenyewe. Tangu mwaka 1987 Satyanarayanan na wenzake walianza kuujenga mfumo wa Coda, mtoto wa AFS, uliokusudiwa kuendelea kufanya kazi hata mawasiliano yanapokatika. Mtumiaji hutaja mapema mafaili atakayoyahitaji, kompyuta huyahodhi katika akiba, naye huendelea kuandika akiwa peke yake. Mawasiliano yakirudi, mabadiliko hupelekwa kwenye seva. Watu wawili wakiwa wamebadilisha faili moja kwa njia zinazopingana, huenda mfumo ukashindwa kuamua nani ana haki, na hapo binadamu hulazimika kuingia kati. Fikra hiyo inaifaa hali yetu kuliko ile ya chuo chenye umeme saa zote.

Tuchukue mfano wa wanafunzi wanaokusanya msamiati wa mafundi wa migodini, wavuvi wa Tanganyika, au akina mama wauzao sokoni. Kila mmoja ana orodha yake na labda programu yake fupi ya kuipanga kialfabeti, ambayo wenzake wameiandika upya bila kujua. Wakitaka kuchanga, maswali yale yale ya AFS yatawakabili. Nani aruhusiwe kuingiza neno, na nani aruhusiwe kulibadilisha? Tutajuaje kwamba neno lililoingizwa lilisikika kweli, mahali fulani, kutoka kwa msemaji fulani? Na mradi ukiisha, nani atayabeba yaliyokusanywa?

Mfano mmoja uko karibu na taaluma yetu. Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, uliwaalika watumiaji wa mtandao wachangie maneno ya Kiswahili na maana zake, na michango ikapitiwa na wahariri. Huo nao ni mpangilio wa sanduku na rafu: mlango wa kuingiza ulio wazi kwa wengi, na rafu ya kusomwa inayosimamiwa na wachache wenye kuwajibika.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linahusu istilahi. Katika makala hii tumesema "zana" wala si "chombo", kwa kuwa zana hudokeza kitu cha kufanyia kazi ya ufundi, ambapo chombo chaweza kuwa sahani au jahazi. Tumesema "akiba" kwa nakala iliyowekwa karibu, na "ahadi" kwa wajibu wa seva wa kujulisha, kwa kuwa maneno hayo yanaeleweka bila kamusi. Kwa "seli", "volumu" na "tokeni" tumekubali mkopo. Na neno "mchango" limejitosheleza. Kila mtu aliyehudhuria matanga anajua kwamba mchango huletwa kwa hiari, huandikwa jina, na hukabidhiwa kwa mtu mmoja anayeaminiwa na wote. Sifa hizo tatu ndizo hasa tulizoziona katika ghala linalodumu.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba AFS ilifanya kuchanga kuwe rahisi kwa kuwapa watumiaji wa seli nyingi njia moja, akiba iliyo karibu na ruhusa wanazoweza kuzitoa wenyewe. Tumeona pia kwamba urahisi huo una gharama: zana ya mgeni hutenda kwa jina la mwenyeji, na anwani ya ghala haiishi zaidi ya taasisi inayoitunza. Anayetaka kuanzisha ghala la zana au la maneno asianze kwa kuuliza lina nafasi kiasi gani. Aanze kwa kumtaja mtunzaji, kwa kuandika sheria za kupokea michango, na kwa kuhakikisha kwamba nakala kamili, pamoja na maandishi asilia, ipo mahali pasipo pamoja. Kisichogawanyika hakipungui kwa kutumiwa, lakini hupotea pale ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kukibeba.